Kwale: Pombe ilisakwa, mnywaji akasahauliwa

Anayetaka kuacha pombe kule Msambweni ataelekezwa hospitali, ataelekezwa msikitini, pengine atatishiwa polisi, kabla hajampata mtu wa kumpeleka kwenye kikao cha watu walioacha. Wengi huona kikao cha aina hiyo ni jambo la wageni wa hoteli za Diani, lisilowahusu wenyeji. Historia ya kusini mwa Pwani inasema vingine: hapa watu walizoea tangu zamani kushughulikia pombe wakiwa wameketi pamoja, na zoea hilo lilipodhoofika serikali ikaweka leseni na msako mahali pake.

Mnazi haukuwa kinywaji cha mtu mmoja. Mgema hupanda asubuhi na jioni, huchonga ncha ya karara kwa kisu kikali, hutundika kibuyu kitupu na kushuka na kilichojaa. Utomvu ule ni mtamu saa za kwanza. Ukilala hadi kesho huwa mchachu na mkali. Kwa kuwa haukai, hunywewa mapema, na huwataka watu wengi. Miongoni mwa Wamijikenda, kadzama, yaani kibuyu cha mnazi, ilipelekwa kwa wazee kwenye posa na kwenye kesi, na tone likamwagwa chini kwa ajili ya koma, mizimu ya wahenga. Wazee ndio waliojua nani anywe, lini, na kwa sababu gani. Uislamu ulipoenea kwa Wadigo, ambao ni Wamijikenda pia, pombe ikawa haramu, lakini minazi ilibaki imesimama na mgema akaendelea kupanda. Mangwe ya leo, yaani kilabu cha mnazi, imerithi benchi na mnazi, haikurithi mzee wa kumwambia kijana kwamba imetosha.

Pengo hilo serikali ilijaribu kuliziba kwa sheria. Wakoloni walileta vibali vya kugema na kuuza. Mwaka 1980 likapitishwa katazo la chang'aa. Mwaka 2010 likafutwa na Sheria ya Kudhibiti Vileo, iliyopachikwa jina la mbunge Mututho, iliyozifunga baa hadi saa kumi na moja jioni siku za kazi. NACADA, taasisi ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, iliundwa mwaka 2001 na kupewa sheria yake mwaka 2012. Sizibezi hatua hizi, maana pombe yenye methanoli hupofusha na kuua. Lakini askari akishamwaga mitungi huondoka, na yule ambaye mikono humtetemeka kila asubuhi hubaki na kiu yake na aibu yake.

Mtu huyo ndiye aliyefikiriwa Akron, Marekani, mwaka 1935, pale Bill Wilson na daktari Bob Smith, walevi wawili, walipogundua kwamba mmoja humshikilia mwenzake asinywe. Hapo ndipo kilipozaliwa chama cha Alcoholics Anonymous (AA). Kikao chake ni kitu chepesi: viti vimezungushwa, mtu hutaja jina lake la kwanza tu, husema yaliyomkuta bila kukatizwa, na hakuna ada. Sharti la uanachama ni moja, nia ya kuacha kunywa. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2020, uliokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, ulikuta kwamba tiba ya kumwingiza mtu katika vikao hivi huwaweka wengi zaidi mbali na pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nayo.

Nyingi ya tafiti hizo ni za Marekani, na ni haki kuuliza kama hatua kumi na mbili za kuacha ulevi zinazofuatwa na AA, ambazo humtaja Mungu, zinakubalika kwa Waislamu. Jibu liko ng'ambo ya mlango wa bahari. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, Zanzibar ilipata nyumba za waraibu wa heroini wanaoacha, zikiendeshwa na waraibu wenzao kwa hatua hizo hizo, na Uislamu wao haukuwazuia. Malindi ilikuwa na Omari Project, kituo cha waraibu wa heroini, tangu mwaka 1995. Ukunda ina Teenswatch, nayo ya waraibu wa dawa za kulevya. Heroini ilivuta wafadhili kwa sababu sindano hueneza virusi vya UKIMWI. Mnazi haukumtisha mfadhili yeyote, ndiyo maana mnywaji wake akaachwa.

Wapo wanaosema kijijini hakuna siri. Ni kweli, lakini ulevi wa mtu kijijini haujawahi kuwa siri. Kinachofichwa ni hamu yake ya kuacha. Wengine wanahofia riziki ya wagema. Hawa nao wasiwe na hofu, kwani AA kwa kanuni yake haiingilii mabishano ya nje, na haijawahi kudai mangwe yoyote ifungwe. Kizuizi kikubwa zaidi ni nauli ya kwenda kikaoni: kutoka Msambweni hadi Ukunda, jirani na Diani, kila wiki, kwa barabara ya Lunga Lunga, si gharama ndogo kwa kibarua.

Anayekunywa kila siku asiache ghafla peke yake, kwani anaweza kupatwa na degedege, aanzie hospitali. Kisha apige 1192, laini ya bure ya NACADA, aulize kikao kilicho karibu. Na kaunti ya Kwale itoe chumba kimoja katika kila zahanati, jioni moja kwa wiki, kwa watu wanaotaka kuketi pamoja bila pombe. Viti vipo tayari.