Barabara ya Mlandizi–Maneromango: Njia Fupi Inayokatisha Njia Kuu

Historia ya usafiri katika ukanda wa pwani ya Tanzania Bara imeandikwa zaidi kwa kufuata njia zitokazo bandarini kwenda bara. Barabara ya mkoa inayotoka Mlandizi, wilayani Kibaha, hadi Maneromango, wilayani Kisarawe, inahitaji mtazamo mwingine, kwa kuwa yenyewe haielekei bandarini. Inaanzia kwenye barabara kuu ya Morogoro, inashuka kusini na kuvuka Reli ya Kati upande wa Ruvu, kisha inapita Mzenga, ilipo reli ya TAZARA, kabla ya kufika Maneromango.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975 ili shaba ya Zambia ipate bandari isiyotegemea tawala za walowezi wa kusini. Malengo ya kisiasa yalipingana kabisa. Hata hivyo, kwa mkulima wa Uzaramo matokeo yalikaribiana: shehena za mbali zilipita jirani na shamba lake, ilhali muhogo, korosho na matunda yake vilisubiri njia ya kuvifikisha sokoni.

Haitoshi kueleza hali hiyo kwa kudai kwamba eneo lilisahauliwa. Maneromango ilikuwa kituo cha misheni ya Kilutheri tangu miaka ya 1890, na mwaka 1902 utawala wa Kijerumani ulianzisha mashamba ya pamba ya kulazimishwa katika wilaya ya Dar es Salaam. Watu walifikiwa kwa kodi na kazi za shuruti. Hawakupewa njia ya kufikiana wao kwa wao.

Baada ya uhuru, huduma kubwa, zikiwemo Kituo cha Elimu Kibaha kilichoasisiwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nodiki na Hospitali ya Tumbi, zilijengwa kando ya barabara ya Morogoro. Masika yanapofanya sehemu zisizo na lami zisipitike, mgonjwa wa Maneromango anayepelekwa Tumbi hulazimika kuzunguka kupitia Kisarawe na viunga vya Dar es Salaam. Mzunguko huo unaonesha kwamba ramani iliyochorwa kwa ajili ya bandari bado inaamua nani ni jirani wa nani ndani ya mkoa mmoja.