Kilindini

Mfanyabiashara yeyote wa Kamwokya, hapa Kampala, aliyewahi kungoja kontena anaijua Kilindini. Hulitaja jina hilo kila anapouliza mzigo umefika wapi, umelipiwa ushuru au bado, lori limeondoka au limekwama. Wachache hutambua kwamba hapo wametamka neno la wavuvi na mabaharia. Kilindi ni mahali penye maji marefu, na kilindini ni humo ndani yake. Walioipa bandari ile ya Mombasa jina lake waliyatazama maji kwanza, kabla ya gati na kabla ya reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 kuja huku kwetu. Mji usio na bahari umekuwa na neno la bahari mdomoni kwa zaidi ya karne nzima.

Nalitaja kwa sababu ya vijana wa hapa mtaani, hasa wale waliofika Shimoni au Pemba na kurudi na picha ya chewa wa kubebwa na watu wawili. Wanataka kujifunza kuvua kwenye sakafu ya bahari, mita mia mbili au mia tatu chini, na wanaamini kwamba kazi hiyo ni ya Wazungu wenye rili za umeme, kwamba Kiswahili kitaifuata nyuma kikiokota maneno. Nakataa. Kazi hii ina msamiati wake, uliokaa vinywani mwa watu wa pwani tangu kabla ya kuja kwa nailoni. Anayeuelewa vizuri amekwisha pata sehemu kubwa ya ufundi wenyewe.

Mshipi, kwa mfano. Ukiingia soko la Kamwokya ukamwambia nnyabo muuza nguo kwamba unatafuta mshipi, atakuonyesha mikanda ya suruali, kwa kuwa omusipi wa Luganda ni mkanda, na Kiswahili chenyewe kina maana hiyo pia. Lakini mvuvi wa Wasini akisema anavua mshipi, amekueleza mambo mengi kwa mara moja: hana wavu, hana dema, ana uzi mmoja unaotoka kidoleni hadi chini, na ndoana mwishoni. Siku hizi uzi huo ni nailoni, au ule uliosukwa usionyumbuka. Kwa vilindi chukua uliosukwa. Nailoni hunyumbuka, na samaki akidonoa chambo mita mia mbili chini, habari hupotea njiani kabla haijafika kidoleni.

Kisha chubwi. Hii ni risasi inayofungwa kwenye mshipi ili uzame, nami sijui neno la uvuvi linalonipendeza kuliko hili, kwa sababu ndilo pia sauti ya kitu kinapotumbukia majini: chubwi! Kifaa kimeitwa kwa mlio wake. Kwenye maji ya pwani chubwi ya ukubwa wa kidole inatosha, lakini vilindini mkondo husukuma mshipi wote, na mshipi ukiwa mrefu mkondo una mengi ya kusukuma. Kwa hiyo uzito hupanda hadi kilo moja au zaidi. Kanuni ya mwanafunzi ni rahisi: mshipi ukilala pembeni badala ya kusimama wima, chubwi ni nyepesi mno au mahali hapo mkondo ni mkali mno. Usiichanganye na bildi, ambayo nayo ni risasi ya kuzamishwa, ila kazi yake ni kupima maji. Manahodha walitia bildi kabla ya kutia nanga. Leo kazi hiyo hufanywa na mashine yenye kioo, na ningependa mashine hiyo irithi jina la bildi kabla haijaletewa jina jingine.

Kina chenyewe kilipimwa kwa mwili. Mtazame mzee wa Shimoni anapoandaa mshipi mpya. Hushika ncha kwa mkono wa kulia, hufungua mikono yote miwili mpaka kifua kinatanuka, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kisha hukusanya kitanzi kimoja mkononi na kuhesabu. Hiyo ni pima moja, karibu mita moja na sentimita themanini. Kila pima kumi hufunga kifundo. Usiku, bila taa, mshipi unapopita kati ya gumba na shahada, vifundo humwambia chambo kiko wapi. Pima mia moja ni mita mia moja na themanini hivi. Mwanafunzi aliyenunua rili yenye tarakimu bado atafaidika akijifunza kuhesabu hivyo, maana betri huisha.

Kosa la tafsiri hutokea hapa. Anayegeuza jina la Kizungu la uvuvi huu neno kwa neno atapata kudondosha. Kudondosha ni kuachia kitu kianguke chenyewe, nawe ukiuachia mshipi hivyo, chambo kitazunguka, ndoana zitajifunga kwenye mshipi, na utavuta pima mia moja za fundo tupu. Wavuvi hushusha. Kidole hukaa juu ya mshipi muda wote, kikiubana kidogo, hadi chubwi inapogusa mwamba na mkono unapohisi uzito umepungua. Hapo huinua pima moja au nusu, ili ndoana isinase mwambani, na kungoja. Neno sahihi limebeba maelekezo ya kazi, na ndiyo sababu yangu kubwa ya kulipigania.

Aliyekulia kwenye ziwa ana jambo moja geni la kuzoea. Nalubaale, ambalo ramani huliita Victoria, lina kina cha mita themanini hivi panapozidi, na wastani wake ni mita arobaini tu. Wavuvi wake wana ujuzi wao mkubwa: wa upande wa Mwanza hutega sangara, yule ambaye Kamwokya humwita mputa, kwa migonzo, yaani kamba ndefu yenye ndoana nyingi. Ila ziwa halipwi wala halijai. Maneno ya bamvua na maji mafu hayana kazi Ggaba. Baharini, bila hayo usitoke. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda sana na kushuka sana, na mkondo hukimbia. Maji mafu huja kati ya nyakati hizo, na ndipo mshipi mrefu husimama wima. Nahodha akikwambia subirini maji mafu, msikilize, hata kama umelipia hoteli.

Mahali pa kuanzia napo ni muhimu. Kati ya Unguja na bara bahari haina kina kikubwa. Kati ya Pemba na bara kuna vilindi vya mamia ya mita, visivyo mbali na pwani ya Shimoni. Mvuvi hahitaji safari ya siku nzima kuvifikia.

Kama kuna mtu bado anadhani vilindi ni habari ya wageni, aende Komoro. Huko wavuvi walitoka usiku kwa ngalawa kumtafuta nesa, samaki mwenye mafuta mengi akaaye chini sana. Walishusha mshipi kwa jiwe, na jiwe lilipofika chini walilivuta kwa ghafla likafunguka, wakabaki na mshipi mwepesi wenye chambo. Mara chache alipanda samaki mwingine, mzito, mwenye magamba ya kukwaruza kama msasa, asiyefaa kuliwa. Walimwita gombesa. Mwaka 1952 mvuvi wa kisiwa cha Nzwani, Ahamadi Abdallah, alimvua mmoja, na mmoja wa wanasayansi walioamini mpaka mwaka 1938 kwamba ukoo wa samaki huyo ulitoweka mamilioni ya miaka iliyopita alikimbilia Komoro kwa ndege. Mtafiti Hans Fricke aliposhuka kwa nyambizi ndogo mwaka 1987 na kumwona akiogelea kwao, jina la gombesa lilikuwa la zamani tayari. Tangu 2003 amenaswa mara nyingi pwani ya Tanzania, hasa Tanga, katika majarife yaliyotegwa kwa papa, na mwaka 2009 pakaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Silikanti ni neno safi, limefuata matamshi yetu. Hata hivyo moyo wangu uko kwa gombesa, neno la ndugu zetu waliomjua kwanza, na sioni sababu ya kutoyaweka yote mawili kamusini.

Limebaki jambo ambalo anayeanza lazima alijue kabla ya kupandisha samaki wake wa kwanza. Kila mita kumi za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Samaki atokaye mita mia mbili anapovutwa, hewa iliyo katika kibofu chake hutanuka, macho humtoka, na tumbo husukumwa hadi kinywani. Ukimtupa majini kwa sababu ni mdogo, ataelea juu mpaka ndege wamchukue. Njia ya kumwokoa ni kumshusha tena kwa uzito, pole pole, hadi kina kinachoibana hewa ile, kisha kumwachia. Kibofu hicho kina jina tayari kwenye ziwa: bondo. Wachuuzi wa Mwanza hununua mabondo ya sangara kwa bei inayoishinda ya minofu, yakaenda Uchina. Wenye kutunga istilahi wanaotaka neno la ajali hii ya samaki wa vilindini wasiende mbali. Kuvimba bondo kutaeleweka Mwanza na Pemba, na nnyabo wa Kamwokya anayepasua mputa kila asubuhi atalishika siku hiyo hiyo.