Elvis Hakuruka: Historia ya Vijana wa Miamba Wasiotajwa Majina

Kuna muvi ya mwaka 1963 inaitwa Fun in Acapulco. Mwishoni Elvis Presley anapanda mwamba mrefu, anajitosa baharini, anaibuka shujaa. Safi sana. Shida ni moja tu: Elvis hakuruka. Hata Acapulco kwenyewe hakwenda kurekodi, vipande vyake vilipigwa Hollywood. Aliyeruka ni mtu mwingine, na wengi walioiona ile muvi hawamjui hata kwa jina.

Mchezo wa kurukia maji ndivyo ulivyo tangu zamani: anayeruka huyu, anayekula sifa yule.

Rudi nyuma mpaka Hawaii, karne ya 18. Simulizi za huko zinamtaja Kahekili, mtawala wa kisiwa cha Maui, aliyekuwa anajirusha kutoka kwenye majabali na kutua kwa miguu bila kurusha maji. Wenyewe wanauita mchezo huo lele kawa. Mzee hakuishia hapo. Na askari wake walitakiwa waruke, ili ajue nani ana moyo na nani anajitapa tu. Kwenye kisiwa cha Lanai kuna jabali lenye jina lake hadi leo. Wale askari je? Hakuna jabali lenye jina lao.

Sasa njoo Acapulco, Mexico. Pale La Quebrada kuna mwanya mwembamba kati ya miamba, bahari inaingia na kutoka. Vijana wa mtaani walikuwa wakishindana wenyewe kwa wenyewe nani ataruka kutoka juu zaidi. Kuanzia mwaka 1934 wakaanza kujipanga, watalii wakaja, mchezo ukageuka ajira. Usiku wengine wanaruka wameshika mienge ya moto.

Juu kabisa ni kama mita 35. Hapo mtu anakaa hewani karibu sekunde tatu na anapiga maji kwa spidi ya karibu kilomita 90 kwa saa. Lakini urefu siyo mtihani wenyewe. Mtihani ni wimbi. Likitoka, maji kule chini yanakuwa mafupi na mawe yapo karibu. Likiingia, kina kinaongezeka. Kwa hiyo kijana anasali kwenye kijimadhabahu cha Bikira Maria wa Guadalupe, anasimama ukingoni, anasoma bahari, na anajirusha kabla wimbi halijafika ili wakutane chini. Akikosea kuhesabu, basi tena.

Mtalii anaona zile sekunde tatu tu. Miaka ya kulisoma lile wimbi haionekani kwenye picha.

Kwetu hatuko mbali na hayo. Jioni pale Forodhani, Unguja, vijana wanapiga makachu: mbio, sarakasi hewani, chubwi! Simu zote juu. Klipu inazunguka dunia nzima ikiwa na jina la aliyerekodi, na mrukaji anabaki kuwa "dogo mmoja wa Zanzibar". Ila huyo dogo anajua maji yamejaa au yanakupwa, na anajua ukuta ule wapi unarukika na wapi hapana. Kakua hapo.

Nenda Chemka, kule Hai, Kilimanjaro. Watu wanatoka Moshi na Arusha asubuhi, wanaogelea, jioni wamerudi. Maji ni maangavu mpaka unaona chini, mizizi ya miti imezunguka, kamba ya kubembea ipo. Maji maangavu nayo yana ujanja wake: yanakudanganya kina. Unaweza kudhani unakijua kwa kuwa umekiona.

Na hapo ndipo mgeni anapoumia. Kaona klipu, kapata mzuka, katanguliza kichwa mahali pafupi. Shingo ikigonga chini, kupooza siyo hadithi.

Wenyeji wa maji haya hawakuzaliwa na roho ya chuma. Walianza chini, wakapanda kidogo kidogo, wakajifunza kwa waliowatangulia. Huo ndio ujuzi wanaouza, na wengi hawalipwi hata soda.

Kwa hiyo wikiendi hii ukifika, muulize mwenyeji kwanza: kina kipo wapi, jiwe lipo wapi. Akiruka ukamrekodi, mtoe chochote. Halafu kabla hujapost, muulize na jina lake, na kama anapenda liandikwe.

Au na wewe utamwacha kama yule wa Elvis?