Historia ya Kuinama na Kugusa Vidole

Mhariri aliponiomba makala ya historia kwa toleo hili, nadhani alitazamia habari za mabweni na walimu wetu wa zamani. Hizo nawaachia wenye kumbukumbu nzuri. Yangu inaanzia kiwanjani, alfajiri, mara baada ya mchakamchaka.

Waliosoma nami hawajasahau. Tulisimama mistari, tukainama mpaka vidole vikagusa majani, tukahesabu hadi 30 huku mapaja yakiwaka moto. Imani yetu ilikuwa moja: asiyenyoosha misuli ataumia, na aliyeumia hakunyoosha. Nilipokuwa kiranja wa michezo, Kidato cha Sita, kijana mmoja wa Kidato cha Pili, mwenye mbio kutushinda sote, alinijia akichechemea. Alisema paja linamvuta. Nilimwita mvivu, nikamwamuru ainame mara mbili zaidi ya wenzake. Jumamosi yake, katika mbio za mita 200, alianguka kwenye kona akiwa ameshika paja kwa nyuma. Hakukimbia tena siku zote alizobaki shuleni.

Miaka michache iliyopita nilikutana naye Dodoma, kwa shughuli za kiofisi. "Shikamoo, kiranja," alisema, tukacheka. Nilipoikumbusha habari ile alinijibu kwa upole: "Kosa lilikuwa langu, kaka. Sikunyoosha vya kutosha." Mtu mzima, baba wa watoto, bado amebeba hukumu niliyomtolea mimi! Hapo ndipo nilipoanza kusoma wataalamu wamegundua nini.

Imani ile hatukuitunga sisi. Ilikuwa ya majeshi na shule za nchi nyingi, na ilikubaliwa kwa muda mrefu kabla ya kupimwa vizuri. Mwaka 2000 Rodney Pope na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa askari wapya 1,538 wa jeshi la Australia. Wote walipasha miili joto kabla ya mazoezi, lakini kundi moja lilinyoosha misuli ya miguu na jingine halikunyoosha. Baada ya majuma 12, walionyoosha walikuwa na majeraha ya miguu 158, wasionyoosha 175. Tofauti hiyo ni ndogo mno, haiwezi kuhesabiwa kuwa faida. Kilichoonyesha nani yumo hatarini zaidi ni uwezo wa kukimbia aliokuja nao askari: waliokuja dhaifu waliumia zaidi.

Basi kama si kunyoosha, ni nini? Sharti kwanza tujue msuli unachanikaje. Mkimbiaji anapotupa mguu mbele kwa kasi, msuli wa nyuma ya paja una kazi ya kuuzuia. Unarefuka huku umekaza, kama mikono ya mtu anayeshusha ndoo nzito kisimani, akiiachia kamba kidogo kidogo. Mikono ikiwa dhaifu, kamba humponyoka. Msuli wa namna hiyo unahitaji kufundishwa kuzuia, na kuinama kugusa vidole hakuufundishi kazi hiyo.

Wadenmark walilijaribu jambo hili kwa wachezaji mpira 942 wa timu 50, wakatoa matokeo mwaka 2011. Timu zilizofanya zoezi moja la kuimarisha msuli huo zilipata majeraha yake 15. Zilizoendelea na mazoezi yao ya kawaida zilipata 52. Kabla yao, mwaka 2008, Wanorwei walikuwa wametangaza kwamba wasichana wachezaji waliofanya dakika 20 za kukimbia polepole, kujenga nguvu, kusimama kwa mguu mmoja na kuruka, walipunguza majeraha kwa karibu theluthi. Na asiseme mtu kwamba hayo ni ya Ulaya. Mazoezi hayo hayo yalijaribiwa Lagos kwa vijana 416 wa umri kama wa wanafunzi wetu. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha majeraha yamepungua kwa asilimia 41.

Kunyoosha si haramu, kunalegeza viungo. Ila kukaa umenyoosha msuli ule ule zaidi ya dakika moja, kisha ukaenda moja kwa moja kwenye mstari wa kuanzia, hupunguza nguvu kidogo. Yaani kijana yule niliyemwadhibu nilimpunguzia hata kasi.

Zoezi la Wadenmark halihitaji kifaa. Piga magoti mahali laini, mwenzako akushike vifundo vya miguu kwa nguvu. Mwili ukiwa umenyooka kuanzia magoti hadi kichwa, jiachie mbele polepole kadiri msuli unavyoweza kukuzuia, kisha jipokee kwa mikono. Juma la kwanza wao walifanya siku moja tu, mara 5, wakapumzika, mara 5 tena. Waliongeza kidogo kidogo hadi siku 3 kwa juma. Anayeanza kwa pupa atashindwa kupanda ngazi za bweni kesho yake. Nimejaribu mwenyewe, kwa umri huu, nikajuta siku mbili.

Rafiki yangu wa Dodoma ameahidi kuja siku ya mkutano wetu. Tumekubaliana kwamba mimi nitapiga magoti, naye atanishika vifundo.