Eksteno imegoma na picha zote zimo ndani? Fanya haya kabla hujaenda kwa fundi

Harusi, sendofu, ubatizo, kipaimara, mazishi. Kwa familia nyingi za Akheri na vijiji vingine vya mteremko wa Mlima Meru, kumbukumbu za miaka ya karibuni haziko tena kwenye albamu ya mezani. Ziko kwenye hadi diski ya nje, ile ambayo mtaani inaitwa "eksteno", iliyowekwa kabatini au kwenye droo ya studio.

Siku ikigoma, hasara si bei ya kifaa. Diski nyingine utanunua mjini. Picha ya mwisho ya bibi aliyefariki haiuzwi dukani.

Kinachotia moyo ni kwamba diski inayoonekana imekufa mara nyingi bado ina picha zake. Tatizo ni kwamba zinaweza kupotea moja kwa moja kutokana na kile mwenyewe anachofanya saa ya kwanza, akiwa amechanganyikiwa.

Sikiliza kwanza inalia vipi

Dalili zipo za aina tatu, na kila moja ina njia yake.

*Kimya, hata taa haiwaki.* Usikate tamaa. Huenda tatizo ni waya, tundu la USB au adapta. Diski ndogo za inchi 2.5 hutumia umeme wa USB wa volti 5, lakini zile kubwa za inchi 3.5 zina adapta yake, kwa kawaida ya volti 12. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, adapta inaweza kuungua huku diski yenyewe ikiwa salama. Jaribu waya mwingine, tundu lingine na kompyuta nyingine. Ukiazima adapta, soma volti na ampea zilizoandikwa, usichomeke tu kwa sababu imeingia.

*Inazunguka, lakini kompyuta inakuambia uifomati.* Usikubali. Ujumbe huo una maana kwamba kompyuta imeshindwa kusoma orodha ya mafaili, na picha zenyewe zinaweza kuwa bado zipo. Ni sawa na kitabu kilichochanwa ukurasa wa yaliyomo.

*Inagonga "tik, tik, tik" au inakwaruza.* Chomoa sasa hivi na usiiwashe tena. Ndani ya diski kuna sahani zinazozunguka, nyingi kwa kasi ya mizunguko 5,400 kwa dakika. Vichwa vya kusomea huelea juu yake kwa nafasi ndogo mno, ndogo kuliko hata punje ya vumbi. Kichwa kilichoharibika kikigusa sahani, kinakwangua picha zako kila unapoiwasha.

Haya usijaribu

Ushauri wa kuweka diski kwenye friza bado unazunguka. Achana nao. Ukiitoa kwenye baridi, unyevu unaganda ndani kama kwenye chupa ya soda.

Usiifungue nyumbani. Maabara zinazofungua diski hufanya kazi kwenye vyumba vilivyochujwa hewa. Sebuleni, vumbi la barabara ya kijijini linatosha kumaliza kila kitu.

Usibadilishe bodi kwa kuiba ya diski nyingine inayofanana. Diski nyingi za kisasa huhifadhi kwenye bodi taarifa za kipekee za diski hiyo tu, hivyo bodi ya mwenzake haielewi. Pia baadhi ya eksteno husimba data kupitia bodi yake. Ukitoa diski na kuifunga kwenye kasha lingine, utaona takataka tupu.

Na usikimbilie amri ya kukarabati diski kwenye Windows. Amri hiyo hurekebisha mpangilio wa mafaili, na katika kurekebisha inaweza kufuta njia za kufikia picha.

Kama bado inasomeka: nakili kwanza

Kanuni ya mafundi wazoefu ni moja: usifanyie kazi diski mgonjwa, fanyia kazi nakala yake.

Programu ya bure iitwayo ddrescue, inayotumika kwenye Linux, hunakili diski nzima kwenda diski nyingine yenye ukubwa uleule au zaidi. Huchukua kwanza sehemu zinazosomeka vizuri, kisha hurudia zile ngumu.

Jiandae kusubiri. Kupitia USB 2.0, ambayo husoma kama MB 30 kwa sekunde, diski nzima ya TB 1 inachukua zaidi ya saa 9, na ikiwa mgonjwa inaweza kwenda siku kadhaa. Umeme ukikatika katikati, ddrescue huendelea pale ilipoishia, mradi uliiambia tangu mwanzo iandike faili la kumbukumbu ya kazi. Usisahau hatua hiyo.

Ukishapata nakala, tumia PhotoRec, nayo ni ya bure. Haihitaji orodha ya mafaili. Inatafuta alama ambazo kila picha ya JPEG huanza nazo, kisha inazitoa moja moja. Majina na mafolda ya awali yatapotea, kwa hiyo jioni kadhaa za kupanga upya zinakusubiri. Picha zinazookolewa zihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si ileile unayoiokoa.

Kwa diski za SSD zilizofutwa kwa bahati mbaya, matumaini ni madogo. Nyingi husafisha zenyewe nafasi iliyofutwa, na hakuna programu inayorudisha.

Ukienda kwa fundi

Ukipanda daladala Tengeru kwenda mjini, funga diski kwenye nguo laini na uishike mkononi. Isigongane na vitu kwenye begi.

Kabla ya kuiacha, muulize fundi mambo matatu: ataanza na nakala au na diski yenyewe? Ataifungua? Asipofanikiwa, utalipa nini? Anayejibu kwa kuanza kutoa skrubu mbele yako, mshukuru na uondoke.

Kumbuka pia kwamba unampa picha za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde. Kubaliana naye, ikiwezekana kwa maandishi, kwamba atafuta nakala zake akimaliza.

Na ukiambiwa "hii haiwezekani", haina maana kwamba haiwezekani popote. Chombo cha anga cha Columbia kilisambaratika angani Februari 1, 2003, na wanaanga wote 7 wakafariki. Diski yenye data ya jaribio moja la kisayansi ilipatikana kwenye mabaki, imeungua. Wataalamu wa Kroll Ontrack wakaokoa takriban asilimia 99 ya data iliyokuwemo. Kazi ya aina hiyo ni ghali, ila inaonyesha kwamba sahani zikiwa hazijakwanguliwa, matumaini yapo.

Tafuta pia kwingine

Kabla ya kulipa fedha nyingi, angalia kadi ya kamera. Hata kama picha zilifutwa, PhotoRec inaweza kuzitoa, ilimradi hazijaandikiwa nyingine juu. Acha kuitumia kadi hiyo leo.

Waulize mashangazi, mabinamu na kamati ya harusi. Picha zilizotumwa WhatsApp hupunguzwa ubora, lakini picha hafifu ya babu ni bora kuliko kukosa kabisa. Ingia pia Google Photos kwa akaunti za simu zako za zamani.

Isijirudie

Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh aliieneza kanuni ya 3-2-1: nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, moja ikiwa mahali pengine. Kwa Akheri inawezekana bila gharama kubwa: moja kwenye laptopu, moja kwenye eksteno, moja kwenye diski iliyoko kwa ndugu Usa River au Moshi. Google hutoa GB 15 za bure, zinazogawanywa na barua pepe, hivyo ziwekee zile picha chache usizoweza kuzipoteza.

Mpiga picha wa sherehe asifute kadi mpaka picha ziwe sehemu mbili. Na kila baada ya miezi michache, chomeka eksteno na ufungue picha kadhaa. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakuonyesha afya ya diski: njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Ukiona njano, usisubiri mwisho wa mwezi. Nakili siku hiyohiyo.