Mwethya: Kazi Moja, Tabia Tofauti

Leo tuzungumze kuhusu kazi na msongo wa mawazo.

Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Ukambani kuchimba matuta, na kazi hiyo ya amri ilichukiwa sana. Miaka ya 1950, katika wilaya ya Machakos, iliyojumuisha Makueni hadi 1992, kazi ilishikwa na vikundi vya mwethya vilivyojichagulia viongozi. Wengi walikuwa akina mama. Matuta ya fanya juu yakaenea. Jua lilikuwa lile lile, lakini sasa watu walikuwa na usemi katika kazi yao.

Tunajifunza nini? Binadamu hatufanani. Mmoja huchangamka kwenye kundi, mwingine hupenda utulivu. Mwenye wasiwasi huumia zaidi akisukumwa. Basi mama, katika kikundi chenu, mchangamfu aongoze nyimbo, mwangalifu atunze daftari la pesa. Mkimya msimwite mwenye maringo. Mwulizeni maoni yake kando.

Ukikosa usingizi au hamu ya chakula kwa wiki 2, nenda kituo cha afya. Huo si uvivu, wala hujarogwa.