Miaka Ishirini ya Kungoja Chenza

Mwaka 1915, Ulaya ikiwa vitani, Howard B. Frost alikuwa Riverside, California, akihangaika na chavua. Katika kituo cha utafiti wa michungwa cha chuo kikuu alichanganya machenza mawili: King, kubwa na lenye ganda nene, asili yake Kusini-Mashariki mwa Asia, na Willow Leaf, dogo, lenye kunukia, lililozoeleka pande za Mediterania. Chotara mmoja aliitwa Kinnow, jina lililoshonwa kutoka majina ya wazazi. Wakulima walimpata mwaka 1935.

Miaka ishirini! Mimi nina tasnifu ya miaka miwili na tayari nalalamika. Ila mti huu haukimbizwi. Mbegu nyingi za jamii ya michungwa huotesha nakala ya mama tu, bila kitu cha baba. Mtafiti hupanda miche mingi, halafu aanze kung'amua upi ni chotara kweli. Frost mwenyewe alilichunguza jambo hilo kwa muda mrefu.

California haikuvutiwa sana. Tunda limejaa mbegu, na mti huzaa kupita kiasi mwaka huu, mwaka ujao ukapumzika. Bahati yake ilikuwa Punjab, ulikofika chuo cha kilimo cha Lyallpur, leo Faisalabad, katika miaka ya 1940.

Huko ardhi ilikwisha kuandaliwa kwa sababu nyingine kabisa. Waingereza walikuwa wamechimba mifereji kutoka mito mikubwa, wakagawa mashamba, wakataka ngano, pamba na kodi. Sargodha, mji ulioanzishwa mwaka 1903, ni mtoto wa mfereji wa Jhelum. Leo ndiyo kitovu cha Kinnow nchini Pakistan. Vitabu humsifu Frost, lakini kwangu mimi waliochimba mfereji kwa jembe wana sehemu yao katika tunda hili, na majina yao hayakuandikwa popote.

Mwaka 1947 Punjab ikakatwa vipande viwili. Katika miaka ya 1950 Kinnow akaanza kupandwa Abohar, upande wa India, hatua chache kutoka mpakani. Majirani wasioaminiana wakawa wanauza chenza lile lile.

Na ni lile lile hasa. Kikonyo hubebeshwa juu ya shina la limau, kama wafanyavyo wakulima wa michungwa wa Muheza, hivyo kila mti ni Kinnow yule yule wa Riverside, pamoja na udhaifu wake. Wanunuzi wa Ulaya wanataka machenza yasiyo na mbegu. Watafiti wa pande zote mbili za mpaka wamepiga vikonyo mionzi na kupata Kinnow wa mbegu chache. Mwenye shamba la miti ya zamani aamue: ang'oe leo na kukaa miaka kadhaa bila mavuno, au aendelee kupeleka makreti Dubai na Muscat, ambako wateja bado wanatema mbegu bila kununa.